Haragi Jeusi Moja, Mikono Minane

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkaisikia kwa watu wengine wakaitia chumvi. Kwa miaka kumi na minne nilisema mbele ya soko zima hapa Bunia kwamba Mama Mave, mpishi mwenzangu, aliniibia nafasi ya kuuzia chakula mlangoni. Nilisema kwenye foleni ya maji, nilisema kwenye matanga, nilisema nikitoka kanisani Biblia bado iko kwapani. Na kumbe, kama ningejua ile hesabu mnayofundishwa ninyi wanafunzi mkiwa mnasinzia kalasini, ningenyamaza siku ileile.

Ndiyo maana ninaandika. Mjukuu wangu Plamedi, mtoto wa binti yangu Sharite, yuko mwaka wa tano wa sekondari. Siku moja alitupa kayee yake, lile daftari la hesabu za uwezekano, mezani na kuniambia mimi bibi yake, "Koko, hii probabilite haina kazi. Nani anatumiaka hii kitu?"

Nikamwambia, "Kaa chini. Okota ile kayee. Mimi nitakuambia nani."

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi. Baada ya hapo niliingia kwenye moshi. Miaka thelathini nimepika malewa, chakula cha mama wa sokoni, kile ambacho kijana wa pikipiki anakila haraka huku funguo ziko mkononi. Nimelisha walimu, wabeba mizigo, mapolisi, na mchungaji mmoja aliyekuwa anajificha nyuma ya nguzo ili waumini wake wasimwone anaomba nyama ya pili. Watoto wangu watano wamesoma kwa mwiko huu. Kwa hiyo mkisoma hapa kwamba nilikosea, msifikiri mimi ni mjinga. Mjinga hawezi kupika sombe, majani ya muhogo, la watu mia.

Lakini wivu, huo ninao. Ninamwonea wivu Mama Mave, ninaionea wivu kayee ya Plamedi, na hata ninyi mnaonisoma ninawaonea wivu kidogo. Msiniombee. Nisikilizeni tu.

Mimi na Mama Mave tulifika Bunia ndani ya kamyo moja la mizigo, tukitoka upande wa Bule, kila mmoja amekumbatia sufuria kama mtoto mchanga. Aliyetupokea ni Mama Rejina, mwanamke mfupi mwenye vidole visivyoogopa moto. Alikuwa anageuza kaa la moto kwa mkono mtupu huku anakuuliza habari za nyumbani. Yeye ndiye alitufundisha kazi sote wawili, kwenye jiko moja. Sombe likianza kuchemka usilifunike, liache lipumue, la sivyo wateja watashika matumbo na wewe utashika kichwa. Chumvi ya maharagi inakuja mwisho. Yai usilipasulie juu ya sufuria. Mambo kama hayo. Na kila alichotufundisha, Mama Mave alikishika kwa siku moja, mimi kwa siku tatu. Mungu alimpa yule mwanamke shingo ndefu na mkono mwepesi. Mimi alinipa sauti.

Tulipoachana na Mama Rejina, kila mmoja na meza yake, tulikaa jirani. Bugali, wali, ndizi: hivyo ni vya kushibisha, masufuria matatu. Sombe, maharagi, samaki wa Kasenyi kule ziwani, nyama: hizo ni mboga, masufuria manne. Yeye alikuwa na saba, na mimi saba. Basi asubuhi moja ninafika na gunia langu la makala, mkaa wa jikoni, kichwani, ninakuta Mama Mave ametundika ubao umeandikwa kwa chokaa: KWA MAMA MAVE, SAHANI 12.

Nilihesabu masufuria yake. Saba. Nikahesabu tena, nikaanzia upande wa pili labda mengine yamejificha. Saba.

"Weye Mama Mave!" nilipaza sauti. "Sahani kumi na mbili inatoka wapi? Uko na masufuria saba sawa miye!"

"Inatoka mu sufuria," akajibu, hata hakugeuka.

"Ile tano ingine umeficha wapi? Chini ya kikwembe?"

"Njo ukuje kuangalia, kama uko na ruhusa ya bwana yangu."

Watu wakacheka, na mimi damu ikapanda mpaka kwenye masikio. Nilikwenda kumshitaki kwa Mama Rejina kwamba anadanganya wateja. Yule mzee aliokota vipande vitatu vya makala akavipanga chini, akapanga punje nne za mahindi mbele yake, halafu akaanza kuchora mistari kwenye vumbi. Kutoka kaa la kwanza mistari minne, moja kwa kila punje. Kutoka la pili minne. Kutoka la tatu minne.

"Bugali iko na njia ngapi ya kufika mu tumbo?" akaniuliza.

"Ine."

"Wali?"

"Ine." Hapo nilianza kuona haya.

"Ndizi?"

Nikahesabu mistari yote kwa kidole: kumi na mbili. Akanipiga kidogo gotini kwa mwiko. "Mwanangu, hesabu njia, usihesabu masufuria."

Wanangu, hilo neno liandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa kayee zenu. Mtu akichukua kitu kimoja tu kati ya vyote vilivyo mezani, unajumlisha: tatu na nne, saba. Lakini akichukua kimoja huku, halafu kimoja kule, unazidisha: tatu mara nne, kumi na mbili. Na ukimwuliza kama anataka pilipili au hataki, hapohapo zinakuwa ishirini na nne, na hujaongeza hata kuni moja. Mama Mave alikuwa hajadanganya mtu. Alikuwa amehesabu tu kabla yangu. Hicho ndicho kilichoniuma. Afadhali angedanganya.

Sasa mtu mwenye wivu akifundishwa kitu kipya, anakimbia nacho kabla hajakifunga vizuri. Nilikaa siku mbili ninawaza. Mama Mave anatoa mboga moja kwa sahani. Mimi nitatoa mboga mbili! Mboga ya kwanza, njia nne. Ya pili, zimebaki tatu. Nne mara tatu, kumi na mbili. Na vya kushibisha ni vitatu: kumi na mbili mara tatu. Nilitafuta ubao mkubwa kuliko wake. KWA MAMA SHARITE, SAHANI 36. Nikautundika juu, uelekee kwenye uso wake.

Siku ya kwanza akaja mwalimu mmoja, mtu mwembamba, mwenye kula polepole. Akaomba bugali na sombe na maharagi. Akala, akashukuru. Kesho yake akarudi, akaangalia ubao, akasema leo nataka sahani nyingine, nipe bugali na maharagi na sombe. Nikampa. Akaitazama ile sahani kama mtu anayemtambua mwizi wake.

"Mama, hii nilikulaka jana."

"Hapana, jana ilikuwa sombe na maharagi. Leo ni maharagi na sombe."

Soko likakauka kwa kicheko. Kijana mmoja wa pikipiki alimwaga maji ya kunywa kifuani. Mwalimu akaniambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Mama, kila sahani umeihesabu mara mbili. Gawanya kwa mbili." Thelathini na sita zikawa kumi na nane. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya shingo ndefu: "Mama Nusu!"

Jina likaganda. Mpaka leo kuna watu wazima hapa Bunia hawajui jina langu lingine.

Mama Rejina alipokuja kunituliza alisema, "Mu tumbo hakuna wa kwanza." Kwenye sahani, sombe na maharagi ni kitu kimoja na maharagi na sombe, hapo mpangilio haujalishi. Lakini kwenye sufuria unajalisha. Mafuta, kitunguu, nyanya: vitu vitatu, na njia za kuvipanga ni sita. Anza na nyanya, malizia na mafuta, uone kama kuna mtu atarudi kesho. Kwa hiyo mwalimu akiwapa swali, kabla hamjashika kalamu jiulizeni: hili ni swali la sahani au ni swali la sufuria? Plamedi anasema hayo mambo yana majina marefu ya Kifaransa. Mimi niliyajua kabla sijajua majina yake, na niliyalipia kwa kuitwa Mama Nusu.

Nilisema yai usilipasulie juu ya sufuria. Ngoja nieleze, maana hapo ndipo wapishi wengi vijana wanaharibika. Una mayai kumi, mawili ni mabovu, na hujui ni yapi. Unataka matatu tu. Kichwa kinakuambia: mawili kati ya kumi, ni kidogo, nitapona. Kichwa ni mwongo. Plamedi alinipangia. Mayai kumi yanatoa vikundi mia moja ishirini vya matatumatatu. Vikundi ambavyo havina bovu hata moja, yaani vinavyotoka kwenye yale manane mazima tu, ni hamsini na sita. Vilivyobaki, sitini na vinne, vina bovu ndani. Umeona? Kuharibu kuna njia nyingi kuliko kupona. Na angalia ujanja: hakuhesabu vibovu. Alihesabu vizima, akavitoa kwenye jumla. Ukiulizwa "angalau moja," geuka uhesabu "hakuna hata moja," kazi inakuwa fupi. Mimi, bila kujua hayo yote, nilikuwa ninapasulia kila yai kwenye kikombe kidogo kwanza. Kikombe ndicho kilikuwa hesabu yangu.

Na msidhani kila kitu chenye sura mbili ni nusu kwa nusu. Vijana wa pikipiki pale kwangu walikuwa wanarusha kifuniko cha soda kuamua nani atakwenda kuchota maji ya kunawa. Mmoja wao alikuwa hakosei. Mimi nilikaa nikarusha kifuniko mara mia, nikiweka punje ya mahindi kwa kila mara. Sura moja ilishinda nyingine kwa mbali. Sura gani? Sikuambii. Kirushe mwenyewe, mikono unayo.

Haya. Sasa mlango.

Soko lilipojengewa hanga jipya la mabati, sisi mama wa malewa tulikuwa wanane. Nafasi saba zilikuwa ndani, na moja ilikuwa mlangoni kabisa, pale magari ya Kasenyi yanapomwaga watu wenye njaa. Kila mmoja wetu aliitaka ile moja. Mimi niliiota. Niliota nimeketi pale, na Mama Mave anapita mbele yangu kwenda ndani gizani na masufuria yake saba na zile sahani zake kumi na mbili.

Mama Rejina, aliyekuwa mkubwa wa komite yetu, akasema tutapiga kura ya maharagi, kama kawaida yetu, maana wengine hawasomi. Maharagi manane ndani ya nyungu, saba meupe na moja jeusi. Nyungu inafunikwa kitambaa. Kila mmoja anaingiza mkono, anachukua moja, anafumba ngumi. Hakuna kufungua mpaka wote wanane wawe wamechukua. Halafu tunafungua pamoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa nililofanya ni kosa la mpishi, mtu mwingine hawezi kulifanya. Miaka yote hiyo nimejua kitu kimoja kuhusu sufuria: anayechota kwanza ndiye anakutana na nyama, wa mwisho anakunywa mchuzi. Na nyama inakaa chini. Basi nikaruka mbele.

"Miye njo nitaingiza mukono wa kwanza!"

"Mama Nusu, hapana kusukumana," Mama Mave akasema. "Kura haikimbiake."

"Weye nyamaza. Unaogopa nini?"

"Siogope kitu. Ingiza. Miye nitakuwa wa mwisho, nione kama utaniachia hata mchuzi."

Alisema hivyo akaketi kwenye ndoo yake, akavua viatu. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikayapita maharagi ya juu, nikakwenda chini kabisa, nikapapasa, nikachagua lililokuwa zito. Ndiyo, niliona kabisa kwamba ni zito. Nikafumba ngumi. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mwisho Mama Mave akainuka, akaingiza vidole viwili tu, kama mtu anayeonja chumvi, akatoa.

Tukafungua. Langu lilikuwa jeupe. Jeusi lilikuwa kwake.

Mtu aliyekuwa wa mwisho! Aliyeketi kwenye ndoo! Nikapiga kelele kwamba alikuja nalo kutoka nyumbani, kwamba yeye anapika maharagi ya rangi zote, kwamba lilikuwa kwenye mkono wa blauzi. Nikasema ana dawa. Mama Rejina akaniambia, "Mwanangu, hesabu maharagi." Mimi nikasikia kama ananitukana, nikaokota masufuria yangu nikaenda zangu. Sikula tena kwa Mama Mave, wala yeye kwangu. Mama Rejina alikufa sisi hatusalimiani. Siku ya mazishi tulipika kwenye majiko mawili, nyuma ya nyumba moja, tumepeana migongo.

Hayo yote nilimwambia Plamedi, nikamalizia, "Sasa wewe mwenye kayee, niambie yule mwanamke aliniibia vipi."

Mtoto hakufungua hata kayee. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Koko, kisha wote kuchukua, nyungu ilibakia na kitu?"

"Hapana. Mama Rejina aliigeuza, ilikuwa tupu."

"Na mu mikono yote, nyeusi ilikuwa ngapi?"

"Moja tu. Ya huyo mchawi."

Akatabasamu. Ile namna yenu ya kutabasamu mkiwa mmeshinda, ninaichukia. Nikaanza kuhesabu mwenyewe, polepole. Kama alikuja na jeusi lake kutoka nyumbani, basi lile jeusi la nyungu lingekuwa wapi? Lingebaki ndani, au lingekuwa kwenye ngumi ya mwingine na tungeona mawili. Maharagi manane, mikono minane, nyungu tupu, jeusi moja. Hapakuwa na tundu la kuingizia wizi hata sindano.

"Hesabu maharagi." Mama Rejina alikuwa ameniambia kila kitu kwa maneno mawili, na mimi nilikuwa ninafunga sufuria.

Lakini wivu haufi kwa pigo moja. Nikasema, "Sawa, hakuiba. Lakini mimi nilikuwa wa kwanza! Wa kwanza ana bahati kubwa!"

"Tupige, Koko," Plamedi akasema.

Jumamosi nzima tulikaa kwenye mkeka na maharagi manane na vikombe vinane. Kila mara tukagawa maharagi kwenye vikombe, cha kwanza mpaka cha nane, bila kuangalia, halafu tukaweka punje ya mahindi mbele ya kikombe kilichopata jeusi. Mara themanini. Kikombe cha kwanza kikapata tisa. Cha mwisho kikapata kumi na moja.

"Unaona!" nikaruka. "Wa mwisho iko na dawa hata mu kikombe!"

"Koko, turudilie."

Jumapili baada ya kanisa, mara themanini nyingine. Cha kwanza kumi na mbili. Cha mwisho nane. Na vile vya katikati vilikuwa vinapanda na kushuka, vyote vinazungukazunguka kwenye kumi kama kuku kwenye mlango wa jiko. Hapo nikachoka, na mgongo ukachoka, nikamwambia haya, fungua hiyo kayee.

Akaandika. Wa kwanza ana nafasi moja kati ya nane. Wa pili je? Ili wa pili apate, lazima kwanza yule wa kwanza akose: hiyo ni mara saba kati ya nane. Halafu yamebaki maharagi saba, naye ana nafasi moja kati ya hayo saba. Saba juu ya nane, mara moja juu ya saba. Saba inakula saba. Inabaki moja juu ya nane. Wa tatu, vivyo hivyo. Mpaka wa mwisho: moja juu ya nane. Akanipa hata la kunifariji: kama tungekuwa tunafungua ngumi palepale, ningeweza kuona nafasi ya wengine ikipanda au ikifa kadiri maharagi yanavyotoka. Lakini ngumi zilikuwa zimefungwa. Kwa ngumi zilizofungwa hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Na haragi si nyama, halikai chini kwa uzito.

Mstari mmoja. Kitu kilichonila miaka kumi na minne, mtoto amekiweka kwenye mstari mmoja na kalamu ya kuazima. Niliutazama mkono wake, laini, haujaungua hata mara moja, nikamwonea wivu hata nikataka kulia. Nikamwambia, "Kesho usiniambie haina kazi." Akasema, "Sitasema tena, Koko."

Jumatatu asubuhi nilivaa kikwembe changu kizuri, nikaenda sokoni. Kwetu sisi mama wa malewa, ukimsema mwenzako vibaya na ukagundua umekosea, hupeleki mjumbe. Unakwenda kula kwenye meza yake, mbele ya wateja wake, na unasema kosa lako kabla ya kugusa chakula. Nimewaona wengine wakifanya. Sikuwahi kufikiri siku moja itakuwa mimi.

Mama Mave bado yuko mlangoni. Magoti yamemharibikia, anapika ameketi, lakini ile shingo iko palepale. Aliponiona mwiko ukasimama.

"Mama Nusu. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Miko na njaa."

"Ah! Na ile miaka yote ulikuwa umeshiba?"

Wateja wakageuka. Nikaona nikiketi sitasema, basi nikasema nimesimama, kwa ile sauti ambayo Mungu alinipa.

"Batu yote musikie. Nilisema huyu mama aliiba nafasi mu kura. Nilisema iko na dawa. Ilikuwa bongo, nilidanganya. Maharagi ilikuwa munane, mikono munane, nyungu ikabakia tupu. Hakuiba kitu. Miye njo sikujua kuhesabu."

Kijana mmoja alikuwa ameshika tonge hewani. Mama Mave akapangusa macho kwa kona ya kikwembe, akasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "nilikuwa nangoja mutu moja akuulize kitu moja. Weye uliingiza mukono wa kwanza, hapana?"

"Miye."

"Ukachagua?"

"Nilichagua. Nikapapasa mpaka chini."

"Na bale sita bakachagua. Sasa miye nilikuta haragi ngapi mu nyungu?"

Nikaanza kukunja vidole, kimoja kwa kila mkono.

"Moja," akasema. "Moja tu, Mama Sharite. Miye sikuchagua kitu. Ile nafasi njo muliniachia ninyi. Weye wa kwanza."

Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuniita Mama Sharite. Akaniuliza ninataka nini. Kwenye ubao wake bado ni kumi na mbili, chokaa mpya juu ya chokaa ya zamani. Nikasema bugali na sombe. Akapakua. Nikaonja kwa ncha ya kidole kabla hata hajaleta maji, kwa sababu ya kazi tu, nipime. Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kuliko langu, na hilo Plamedi hana mstari wa kulieleza.

Akaja na jagi na beseni. Nikanyoosha mkono wa kulia, huu huu uliojisukuma mbele ya watu saba, ukaingia mpaka chini kabisa ya nyungu, ukayapita maharagi yote na kuchagua jeupe, ukamwachia yeye jeusi. Akanimwagia maji. Nikaunawa vizuri, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Nikala nao.